Kiberiti cha Mama kwenye Kisiwa cha Nyungu

Harufu ya njiti ya kiberiti iliyojizimia yenyewe haifanani na ya njiti uliyoipuliza. Hii ya kujizimia ni chungu, inakaba, na moshi wake haupandi. Unatandaa ulalo kama shuka juu ya maji. Naijua tangu utotoni. Na Jumamosi ile niliisikia tena, nimeinama kwenye ukingo wa shimo, mkono wangu usawa wa goti, njiti nyeusi katikati ya vidole.

"Mama, hapa haturuhusu sigara," kijana aliyekuwa akituongoza alisema kwenye kipaza sauti chake, na wageni wote wakacheka.

Sikuwa na sigara. Nilikuwa na kiberiti, na binti yangu Ineza alikuwa ameshaanza kushuka ngazi za lile shimo pamoja na watoto wengine.

Ngazi zenyewe zilikuwa za mawe, mpya, zimepangwa vizuri na kamba ya kushikia. Chini, kwenye sakafu ya shimo, kulikuwa na ndege wadogo wamelala. Kijana alikuwa ametueleza: ndege wanakipenda kisiwa hiki kwa utulivu wake, wanakuja kupumzika hapa, watoto washuke wapigwe picha nao ila wasiwaamshe. Wazazi wakatoa simu. Mimi nikatazama wale ndege. Ndege gani analala chali?

Nikawasha njiti ya pili. Usawa wa kifua iliwaka vizuri. Nikaishusha polepole, kiunoni, pajani, gotini. Ikafa.

"Ni upepo, mama."

"Upepo uko wapi? Yale majani yanatikisika?"

"Mama, usitishe wageni. Bon, watoto, tuendelee! Nani anataka kumushika ndege?"

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Tangu asubuhi nilikuwa nimevumilia mengi: boti iliyochelewa, koti la kujiokolea lenye mkanda uliokatika, dagaa wetu wa sambaza waliopoa. Hayo ni mambo ya likizo. Hili halikuwa jambo la likizo. Nilimpokonya kile kipaza sauti nikapiga kelele kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja: pandisheni watoto, wabebeni, msiiname! Nikateremka nimenyoosha shingo kama mtu anayevuka maji ya kina, nikamnyanyua Ineza kwa mgongo wa gauni, nikampakia mgongoni. Wazazi wengine waliduwaa. Mmoja alianza kunirekodi. Lakini walipoona ninavyohema, wakawavuta watoto wao juu, mmoja mmoja, wakinung'unika kwamba nimewaharibia siku.

Ineza ameshaanza shule. Miguu yake ilikuwa inaning'inia karibu na magoti yangu.

"Mama, nishushe," alininong'oneza sikioni. "Watu wanaangalia."

Ninyi mnaosoma, nakwambieni: maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, juu ya kisiwa hicho hicho, nikiwa mgongoni kwa mama yangu.

*

Enzi zile Nyungu haikuwa na hema, wala bembea, wala moyo mkubwa wa mbao wa kupigia picha. Ilikuwa kisiwa kidogo tu cha ziwani, mbele ya Nyamyumba, upande wetu wa Rwanda, chenye shimo katikati, ndiyo maana watu wakakiita hivyo: nyungu, chungu kilichoachwa mdomo wazi chini ya mbingu.

Mama yangu alizaliwa upande wa Congo, akarudi Rwanda akiwa msichana. Dada yake mkubwa, Esperance, aliolewa Goma akabaki huko. Mimi nilimwita mama mukubwa. Alikuwa mwanamke wa maombi, kitambaa cheupe kichwani, sauti ya kutosha kanisa zima. Likizo ile alivuka mpaka na binti yake Solanji, akaweka mkoba chini kabla hata hajapewa maji.

"Kila siku munatuambia Gisenyi, Gisenyi," alisema. "Bon, leo mutuonyeshe hiyo Gisenyi."

Tukamwonyesha mji wetu. Ufukweni mjini tulitembea chini ya miti mikubwa, mama mukubwa akizipangia bei nyumba za matajiri. Kwenye chemchemi ya maji ya moto ya Nyamyumba tuliloweka miguu mpaka ikawa myekundu, na mama akachemsha viazi humo ndani ya kifuko cha nailoni. Havikuiva katikati, lakini tulivisifu. Rubona, bandarini, kulikuwa na harufu mbili zinazogombana, sambaza wa kukaanga na kimea cha kiwanda cha bia, na Solanji akauliza ni nani anayepika uji mkubwa kiasi hicho. Nilicheka mpaka kiazi kikanitoka puani. Nilimpenda sana Solanji. Alinizidi umri kidogo, alikuwa na kofia nyeupe yenye utepe wa bluu, na alikuwa akisema kila kitu kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kukiona.

Tukapanda mtumbwi wa mashine kwenda Nyungu. Mwenye mtumbwi alitushusha, akasema yeye atabaki kuangalia chombo chake. "Kule katikati musikawie," aliongeza, basi. Hakusema kwa nini, nasi hatukuuliza.

Mama alitembea mbele. Kila tulipofika mahali palipobonyea, hata kidogo, alisimama, akatoa kiberiti kwenye mkoba, akawasha njiti na kuishusha mpaka gotini. Ikiendelea kuwaka, tunapita. Mimi nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote, nikiona aibu maisha yangu yote. Mama za wenzangu walitembea na peremende kwenye mikoba.

"We Josiane," mama mukubwa akasema, "umeanza sigara?"

"Hapana, yaya. Naangalia mazuku." Yaya ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa.

"Mazuku! Bado unabeba mambo hayo ya kipagani? Mutu mwenye kusali anaogopa upepo?"

Mazuku ndilo jina wanalolitumia Goma. Ni hewa mbaya inayokaa mashimoni, haionekani, hainuki. Wao wawili walikulia kwenye mawe ya volkano, na utotoni mwao mbuzi wa nyumbani waliwahi kukutwa asubuhi wamelala bondeni, wote, kama walioambiana. Mama alitoka pale na mambo mawili tu kichwani: kwamba kitu hicho kinakaa chini, na kwamba hakipendi moto. Dada yake alitoka pale na jambo moja: kwamba ni mapepo, na mapepo yanakemewa.

Tulipofika ukingoni mwa lile shimo, njiti ya mama ilizima. Akawasha nyingine. Ikazima. Alinigeukia.

"Panda mugongo."

Nilikuwa nimeshaanza shule. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, mengine yakichipua. Mtu wa namna hiyo habebwi.

"Mutoto mukubwa anabebwa!" Solanji akapiga makofi. "Maman, angalia! Utaacha kunyonya lini?"

"Mama, nishushe," nikanong'ona. "Watu wanaangalia."

"Waangalie," mama akajibu, akanikaza kwa kitenge. Kisha akamwambia dada yake, "Yaya, Solanji asishuke mule. Nakuomba."

"Nani anashuka? Tunaangalia tu."

Upepo wa ziwa ulikuja wakati huo, mmoja tu, mrefu. Ukaivua kofia ya Solanji, ukaizungusha juu ya vichwa vyetu, ukaidondosha katikati ya shimo, nyeupe kabisa juu ya majani makavu.

Solanji alikuwa chini kabla mama hajamaliza kuita jina lake.

Aliiokota. Akaivaa. Akatugeukia akicheka, anajisugua pua.

"Maman! Huku iko kama soda! Inapanda mu pua!"

Kiatu chake kilikuwa kimefunguka. Akakaa chini ili akifunge. Alishika kamba, akaiangalia kana kwamba amesahau inavyofungwa, kisha akaegemea upande, taratibu, kama watoto wanavyosinzia kanisani.

"Ona huyu," mama mukubwa akacheka. "Anajifanya."

Nami nilicheka. Lakini nilikuwa mgongoni, na mgongo wa mtu haudanganyi. Nilisikia pumzi ya mama ikisimama. Nilisikia moyo wake ukigonga tumboni kwangu kupitia nguo. Alinifungua akanisimamisha juu ya jiwe refu.

"Simama hapa. Simama, usikae. Ukikaa nitakupiga."

Alipogeuka, dada yake alikuwa ameshateremka. Kicheko kilikuwa kimemtoka. Na kule chini alifanya lile ambalo wanawake wa kundi lake la maombi hufanya mtu anapoanguka: alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya paji la mtoto, akainamisha uso, akaanza kuomba kwa sauti kuu.

"Usipige magoti!" mama alilia. "Esperance! Simama! Usipige magoti!"

Sijawahi kumsikia mama akimwita dada yake kwa jina tupu, bila yaya. Ndege waliruka kwenye miti. Lakini mama mukubwa aliendelea, na mimi kutoka kwenye jiwe langu nikasikia maombi yale yakibadilika. Maneno yakawa mazito, yakavutika, kama redio inayoishiwa betri. Jina la Yesu likaanza na halikumalizika.

Mama alijaza kifua. Akashuka amenyoosha kidevu juu, hatua kwa hatua. Hakuinama. Alimshika dada yake kwa kitambaa na kwa nywele zilizokuwa ndani ya kitambaa, akamvuta mpaka akasimama, akamzaba kofi. Kisha akachutama mara moja, haraka, mdomo umefungwa, akamkamata Solanji mkono, na wote wawili wakaanza kumburuta kuelekea juu, mmoja anayumba, mwingine uso umevimba kwa kuzuia pumzi. Mwenye mtumbwi alikuwa amesikia kelele. Alikuja mbio akamtupa mtoto begani.

Pale juu mama mukubwa alitaka alazwe kivulini, kwenye nyasi za mahali palipobonyea. Mama alikataa. Alimshika Solanji wima, uso ziwani, upepo umpige, kama mtu anayeanika nguo. Midomo ya Solanji ilikuwa na rangi ya majivu. Mimi bado nilikuwa nimesimama juu ya jiwe. Hakuna aliyenikumbuka, nami nisingekaa hata kwa fimbo.

Kisha Solanji akatapika. Viazi vyote. Akalia kwa sauti mbaya sana, ya kukwaruza, na mama akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

*

Mngedhani mama alishukuriwa.

Tulirudi kwa mtumbwi mpaka Rubona ikaanza kuonekana. Mama mukubwa alikuwa amempakata Solanji, kitambaa kimemtoka kichwani.

"Umenikataza kupiga magoti," alisema. Hakumtazama mama. "Mutoto wangu anakufa mbele yangu, na we unanikataza kupiga magoti."

"Yaya, hewa iko chini..."

"Na ule moto. Uliwasha moto, mutoto akaanguka. Uliwasha mbele, akaanguka nyuma. Mi niliona."

Walivuka mpaka jioni ile ile. Hawakurudi kwa miaka mingi.

Habari ilivuka nao, kisha ikarudi kwetu imenona: kwamba Josiane anaroga kwa moto. Mama alikuwa akiuza vitenge Goma, anakwenda asubuhi na kurudi jioni. Wateja wake wakaanza kumaliza biashara haraka, macho pembeni. Wengine hawakuja tena. Kanisani kwetu watu walisogea kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja zaidi ya kawaida. Nilisikia wanawake wakisema "yule wa moto" na sikujua kwamba ni mama yangu. Nilijua tu kwamba kiberiti kilitoka kwenye mkoba wake na hakikurudi, na mimi nikafurahi. Nilidhani hatari imekwisha. Nilidhani sasa atabeba peremende.

Mwenye mtumbwi alichomeka mti pale kisiwani, ukingoni mwa shimo, akaufunga kitambaa chekundu. Ndiyo onyo pekee lililowahi kuwekwa. Nilimuuliza mama kwa nini haendi kuwaambia viongozi kuhusu lile shimo.

"Nikisema, watasema ni mimi," alijibu. "Niache, mwanangu."

Nikamwacha. Nilikuwa mtoto.

Nilipofika sekondari, mwalimu wetu wa kemia alileta chupa pana isiyo na kitu ndani, au ndivyo tulivyoona. Akawasha mshumaa mezani. Akaiinamisha chupa juu ya mshumaa kama anayemimina maji, na mshumaa ukazima. Darasa likapiga makofi. Akatueleza kuhusu hewa nzito kuliko hii tunayovuta, inavyotiririka na kujaa mahali pa chini, inavyozima moto, inavyomzima mtu. Nami nikiwa kwenye dawati langu nikaona kila kitu kikipanda kutoka chini: kwa nini nilibebwa mgongoni, pua yangu ikiwa sambamba na ya mama. Kwa nini mbuzi. Kwa nini "simama, usikae". Kwa nini magoti.

Nilikimbia nyumbani na daftari mkononi. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimweleza yote, nikamchorea shimo, nikalijaza hewa kwa penseli. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo:

"Kwa hiyo haikuwa mimi."

Jamani. Miaka yote ile. Nilidhani alinyamaza kwa sababu aliwaogopa watu. Kumbe alinyamaza kwa sababu, usiku na mchana, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imewaamini. Mwanamke aliyeshuka shimoni amezuia pumzi akawatoa watu wawili hai, alikaa na wazo kwamba pengine kweli moto wake ndio uliokiita kile kitu cha shimoni. Siku hiyo nilinunua kiberiti changu. Sijawahi kutembea bila kiberiti tangu hapo.

*

Kwa hiyo mnaelewa sasa kwa nini nilipokonya kipaza sauti.

Ule mti wa kitambaa chekundu bado upo. Wameupaka rangi nyeupe, wakaning'iniza kibao chenye picha ya ndege aliyefumba macho. Nilipouona nilitamani kuung'oa kwa meno.

Msimamizi wao alinipokea gatini Rubona, shati limepigwa pasi, sauti ya asali. Alisema wamesikia wasiwasi wangu. Alisema vijana wanategemea kazi hii, nisije nikawaharibia. Alisema shimo hilo lipo tangu zamani na hakuna aliyewahi kulalamika.

Hakuna aliyewahi kulalamika. Hapo alisema kweli, na ndicho kilichonichoma zaidi.

Kisha akampa Ineza soda. Nikaichukua, nikamrudishia.

Nyumbani nilimpigia mama. Nilimweleza kuhusu ngazi, ndege, njiti. 

"Ulimubeba?" akauliza.

"Nilimbeba, Mama."

"Alikataa?"

"Alikataa. Alisema watu wanaangalia."

Nikamsikia akicheka, kicheko chembamba, kisha akapenga kamasi.

Nilimpigia na Solanji. Ana watoto wake sasa, Goma, na kichwa bado kinamsumbua hali ya hewa ikibadilika. Nilimwambia naandika malalamiko, nataka shahidi, lakini nitamwelewa kama mama yake hatapenda. Hakuniacha nimalize. "Andika jina yangu," alisema. "Andika yote mbili, ya ubatizo na ya nyumbani." Mama mukubwa hakutuma jina lake. Sikumngojea.

Usiku niliandika kurasa nyingi zenye matusi, asubuhi nikazichana. Nilikwenda ofisi ya sekta, serikali ya eneo letu, na ukurasa mmoja. Afisa wa mapokezi aliusoma, akanitazama, akausoma tena, akagonga muhuri. Niliandika kwa Kinyarwanda. Kwa Kiswahili unasema hivi:

"Kwa heshima, mimi mkazi wa wilaya ya Rubavu, mama wa mtoto mmoja, nalalamika kuhusu shimo lililo katikati ya kisiwa cha Nyungu, ambalo sasa wageni wanapelekwa kulitazama kama kivutio. Shimo hilo limejaa hewa inayoua. Haionekani. Inafika usawa wa goti la mtu mzima, yaani usawa wa pua ya mtoto anayekaa. Ndege walio chini hawajalala, wamekufa. Binamu yangu, aliyeruhusu jina lake liwekwe hapa chini, alianguka humo utotoni, na mama yake alianza kuzimia alipopiga magoti kumwombea. Walitolewa na mama yangu, Josiane, ambaye aliitwa mchawi kwa kazi hiyo. Naomba jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu zenu kama mtu wa kwanza aliyetoa onyo.

Naomba ngazi zivunjwe na shimo lizungushiwe uzio kabla boti nyingine haijapeleka watoto.

Ikiwa ofisi inaona natia chumvi, naomba afisa mmoja aende mwenyewe, amesimama wima, na mtu wa kumshika mkono. Afike ngazi ya mwisho. Awashe kiberiti usawa wa kifua, kisha akishushe polepole mpaka mahali ambapo uso wa mtoto wake ungekuwa.

Moto ukiendelea kuwaka, chaneni barua hii."